Kuku Alikaangwa, Mikono Ilipika

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya sentensi niliyoiandika mwenyewe, na humo ndani kulikuwa na joto.

Kazi yangu ni kutia sauti. Kituo kinanunua vipindi vya nje, mimi nafasiri maneno, kisha nayasoma juu ya picha. Mzungu wa kwenye kipindi anabaki kusikika kwa mbali chini ya sauti yangu, kama jirani anayegombana nyuma ya ukuta. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, neno kwa neno, na hadi leo nafasiri hivyo hivyo: taratibu, nikirudi nyuma kila mara kuangalia kama nimedondosha kitu.

Wiki hii tuna kipindi cha Kimarekani kuhusu historia ya chakula chao. Sehemu niliyoimaliza jana jioni inahusu mpunga wa Karolina ya Kusini enzi za utumwa, na leo asubuhi ndiyo zamu ya kurekodi. Kuna mahali msimuliaji anasema jiko la nyumba kubwa, yaani nyumba ya mwenye shamba, lilikuwa na mikono mingi. Nikaandika: "Mikono mingi ilipika wali ule." Nikaisoma kwa sauti, ikapanda na kushuka vizuri. Mke wangu, Siwema, alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Hiyo nzuri." Nikazima taa.

Sasa nimesimama katika jiko la televisheni.

Ni jiko safi. Dirishani kuna mti, lakini umechorwa kwenye ubao. Juu ya meza kuna sinia la wali na kunde, na mvuke unafuka nyuma yake. Niliinama kuangalia. Mvuke hautoki kwenye wali; unatoka kwenye donge la pamba iliyoloweshwa, limepashwa moto na kufichwa nyuma ya sinia. Wali wenyewe umepakwa mafuta ya nywele ili ung'ae.

Kuzunguka meza kuna mikono.

Kila mmoja unaishia kwenye kifundo, na pale unapoishia hakuna damu wala kidonda. Umeishia tu, kama lami inavyoishia ukitoka mjini. Mingine inatwanga mpunga kwenye kinu, mingine inapepeta kwa ungo, mingine inachambua kunde. Hakuna bega, hakuna shingo. Sikutaka kuhukumu haraka. Nilifikiri labda sehemu zao nyingine ziko nyuma ya kamera, zinapumzika.

Nikafungua mdomo niseme, "Habari za kazi." Sauti haikutoka.

Ilitoka upande wa pili wa meza, kwa mtangazaji. Ni mwanaume mrefu mwenye aproni nyeupe isiyo na doa. Alikuwa anaongea kwa sauti yangu. Midomo yake ilikwenda njia yake na maneno yakaenda yake, kama inavyokuwa kazini.

"Karibuni tena, watazamaji," nilijisikia nikisema kwa mdomo wake. "Leo tunapika kwa siri ya bibi wa nyumba kubwa!"

"Usihangaike," ilisema sufuria. "Humu sauti ni moja, na kwa sasa anayo yeye."

Ilikuwa sufuria ya chuma, nyeusi, yenye miguu mitatu, imekaa juu ya jiko lisilo na moto. Nilitaka kuuliza mbona yenyewe inaongea. Sikuwa na sauti, lakini ilinisikia.

"Mimi sikuandikiwa maneno kwenye skripti," ilisema. "Asiyeandikiwa anaongea anavyotaka, ila harekodiwi. Na nakusikia kwa sababu sisi wa jikoni tumezoea kuwasikiliza wasiosema. Umeamkaje, mfasiri?"

"Bado sijaamka."

"Ndivyo inavyoonekana."

Iliniambia kwamba siku hizi inaishi makumbusho, ndani ya kioo. Ina taa yake. Ina kibao kinachosema ilitengenezwa mji gani, ina uzito gani, na ni familia ipi iliyokula kutoka ndani yake. Wanafunzi wanaletwa kwa mabasi kuja kuitazama.

"Na aliyekuwa anapika ndani yako?"

"Huyo hayumo kwenye kibao. Humu kwako nilidhani atakuwemo. Nilifurahi, nikasema hawa Waswahili wana neno la kila kitu, hata wali una jina lake na mchele una lake. Nimefika, naona viganja."

"Kwa Kiingereza wamesema mikono."

"Walisema hivyo tangu enzi zile. Mwenye shamba akienda mnadani alikuwa hanunui watu, ananunua mikono. Wewe umelipokea neno kama lilivyo, ukalifuta vumbi, ukaliweka mezani."

Wakati huo kuku akapita katikati ya meza. Alikuwa amekaangwa vizuri, wa rangi ya kahawia, ananukia pilipili manga, na alitembea kwa uangalifu asidondoshe mafuta.

"Mfasiri mwenyewe ndiye huyu?" aliuliza. "Nipe mkono, ndugu yangu."

Nilimpa. Akautikisa kwa bawa.

"Mbona wewe mzima?" nikamuuliza.

"Si umeniandika vizuri? 'Kuku alikaangwa kwa mafuta ya nguruwe.' Alikaangwa! Ungeweza kuniandika kama kiazi. Nilipoliona lile a-, mwili mzima ulinisisimka. Nikasema, leo nimetambuliwa."

"Pole kwa kukaangwa."

"Hayo ni ya wengine," alisema, akaendelea na safari yake.

Sufuria ilisubiri kuku afike mbali. "Umeona? Kuku ana a- yake. Mbwa wa nyumba kubwa, umeandika alibweka. Mende aliyeingia kwenye unga, alitolewa. Waliopika ndio wamepata i-. Mimi pia ni wa i-, wala silalamiki. Mimi ni sufuria."

Nilitafakari. Nilichukua muda, maana sipendi kukubali kosa kabla sijaligeuza pande zote. Mikono ilipika: sarufi haina tatizo, mwalimu yeyote angeiwekea alama ya vema. Lakini niliyoyaona mezani ndiyo yalikuwa matokeo ya usahihi huo.

"Nitabadilisha," nilisema.

"Kaka Mwinshehe!" iliita sauti nyuma ya taa. Alikuwa Dada Editha, mtayarishaji wetu wa vipindi, amevaa hedifoni zake kubwa kama kazini. Nadhani hedifoni ndizo zilizomwezesha kunisikia. "Kaka, usianze. Skripti imeshapita. Ukibadilisha neno, midomo haitalingana."

"Haijawahi kulingana, dada."

"Basi isizidi," alisema Editha, akarudi gizani.

Upande wa pili nilijisikia nikicheka kicheko cha matangazo. "Na wahenga walisema," nikasema kwa mdomo wa mtangazaji, "mkono mtupu haulambwi!"

Methali hiyo haikuwemo kwenye Kiingereza. Niliichomeka mwenyewe ili kunogesha. Mtangazaji alichagua mkono mmoja wa kulia uliokuwa unakoroga, wenye alama ya moto kwenye kidole gumba. Akauinua. Ulikuwa na mchuzi. Akaulamba polepole, kiganja kizima, macho ameyafumba, huku kamera ikimsogelea. Mkono ulitulia kama samaki aliyeacha kupapatika.

"Akionja hawezi kusema," ilininong'oneza sufuria. "Sauti iko huru. Ichukue! Sema inavyopaswa!"

Nilikuwa nimeshapanga. Ningesema: Mpishi alipika wali ule. Nikavuta pumzi, nikaanza.

"Mmm..."

Mtangazaji akameza. Sauti ikarudi kwake. Nyuma ya taa watu walipiga makofi. Walisema ile mmm ilitoka moyoni kabisa.

"Neno linaloanza na M," ilisema sufuria. "Katika maneno yote ya Kiswahili."

"Sikuwaza."

"Hapana. Hukuwaza."

Mkono wenye alama ya moto ulijifuta kwenye kitambaa, ukarudi kwenye mwiko. Hapo ndipo nilipojiuliza mwenzake wa kushoto uko wapi, maana mezani haukuwepo. Niliinama. Ulikuwa chini ya meza, umekaa juu ya kichwa cha mtoto.

Alikuwa mtoto wa kike, umri wa kuanza shule, amekaa sakafuni na kukumbatia magoti. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani. Lakini alikuwa mzima, ana kichwa, ana miguu, ana kila kitu.

"Huyu sijamwandika," nilisema.

"Ndiyo maana ni mzima," ilisema sufuria.

Mtoto alikuwa anaongea na mkono. "Mama, niite," alisema. Mkono ukampapasa sikio. "Siyo hivyo. Niite kwa jina. Usiponiita nitajuaje kama ni mimi?"

Mkono ulimpapasa tena, kutoka utosini hadi shingoni, ukarudi utosini.

"Anaitwa nani?" niliiuliza sufuria.

"Nilisikia akiitwa kila siku. Lakini masikio yangu ni haya ya kushikia, hayahifadhi kitu. Mama yake ndiye anayejua."

"Basi amwite."

"Kwa mdomo upi, mfasiri? Ulimpa mdomo?"

Juu ya vichwa vyetu sauti yangu ilikuwa inaendelea na kazi.

"Tukirudi baada ya mapumziko," ilisema kwa uchangamfu, "tutaona jinsi jiko la nyumba kubwa lilivyopata mikono mipya! Na kwa kuwa muda wetu ni mfupi, hii hapa niliyoiandaa mapema."

Mtangazaji alivaa glavu nene, akafungua oveni, akatoa trei. Juu ya trei kulikuwa na mikono miwili ya mwanamke mzima. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa maji ya chumvi, kucha zimeliwa na majivu. Kidole cha mwisho cha ule wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Akanyunyizia giligilani juu yake, kwa ajili ya rangi.

Nilikitazama kidole kile, kisha nikamtazama mtoto chini ya meza.

"Mapumziko yakiisha, mtoto anaingia kwenye kipindi," ilisema sufuria. Safari hii haikuwa na mzaha. "Na kwenye kipindi chako watu kama yeye wana neno moja tu. Anayeitwa kwa jina lake hawezi kugeuka mkono. Kanuni ya humu ndiyo hiyo. Lakini lazima aitwe na mtu anayemjua."

Mapumziko yakaanza, na jiko likawa bonde la mpunga.

Sikuona likibadilika, maji yalikuwa tayari magotini. Mimi ni mtu wa Rufiji, bonde nalijua. Majaruba yalikuwa yale yale, matuta yale yale, hata harufu ya tope ni ile. Mikono ilichomoza majini ikipandikiza miche, mstari baada ya mstari, haikosei. Kwenye tuta kulikuwa na mingine ya kuwinga ndege wasile mpunga. Kwetu wanaowinga ndege hupiga kelele kutwa nzima. Hii haikuwa na koo, basi ilipiga makofi. Ndege walikuwa wameshaizoea.

Katikati ya jaruba alisimama bwana mwenye kofia pana, ana mwili kamili, ameshika jembe upande wa chuma. Huyo nilimwandika mwenyewe: "Mwenye shamba alilima mpunga." Sasa yuko shambani na hajui pa kuanzia. Alinionyesha mpini, akanionyesha tope, akainua mabega. Alikuwa na aibu, na nilimwonea huruma kidogo. Ningependa kumwelekeza, lakini kuna kitu kilikuwa kinanivuta.

Ulikuwa mkono wenye alama ya moto. Uligeuza kiganja changu juu, ukaanza kuchora ndani yake kwa kidole. Ulichora duara. Kisha ukafanya kama unakatakata. Kisha ukabana vidole vyangu pamoja mpaka vikagandana.

"Sielewi," nilisema. "Naomba urudie."

Ukarudia, taratibu, kama unamfundisha mtoto. Duara. Kukatakata. Kugandana.

"Kashata," nikasema.

Mkono ulinifinya kwa nguvu hata nikaruka. Bibi yangu alikuwa akipika kashata za karanga, na ukiila kabla haijapoa inashika meno ya juu na ya chini, ukakaa kimya kama umeshonwa mdomo. Bibi alizitumia kwa wageni wanaoongea sana. Sikujua kama huko Karolina zilikuwepo.

"Zilikuwepo," ilisema sufuria, iliyokuwa inaelea pembeni yetu kama bata. "Wanawake walizipanga kwenye sinia wakaziuza barabarani. Harakisha, ndugu yangu. Mapumziko ya televisheni yanaonekana marefu kwa mtazamaji tu."

Tukarudi jikoni. Mtu hakutembea, bonde liliondoka, meza ikabaki.

Sukari ilimiminwa ndani ya sufuria, moto ukawashwa chini yake. "Ee, moto!" ililia sufuria. "Enyi watu, moto! Kule kwenye kioo wananipangusa vumbi kwa brashi tu!" Mikono mingine ilimenya karanga na kuziponda. Mkono wenye alama ya moto ndio ulioshika mwiko, na ulikoroga peke yake, maana mwenzake wa kushoto haukutoka kichwani mwa mtoto hata mara moja. Sukari ikawa nyekundu. Kashata ikamiminwa, ikatandazwa, ikakatwa vipande vinene, ikawekwa mbele ya kamera ikiwa bado ya moto.

Taa zikawaka. Watu wawili walikuja na troli ya sahani, wakaingia chini ya meza. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshikilia nywele za mtoto. Waliubandua kidole kimoja kimoja, kwa upole wa watu wanaofanya kazi yao, wakamweka mtoto kwenye troli katikati ya mabakuli.

"Bado hujaniita," mtoto aliuambia mkono.

"Karibuni tena!" nilijisikia nikisema. Mtangazaji akaiona kashata. Haikuwa kwenye skripti, nikaona anasita. Lakini kwenye televisheni, kilichosogezwa mbele ya kamera lazima kiliwe. Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akafumba macho, akauma.

Akafumbua macho. Taya halikufumbuka.

Nikaichukua sauti. Ilinishuka kooni kama chai ya moto.

"Kaka, midomo!" alilia Editha gizani.

"Huyu," nilisema. H, nilikuwa nimejifunza. Mkono wenye alama ya moto na mwenzake wa kushoto ikapata viwiko, viwiko vikapata mabega.

"Mama," nilisema, kikaja kifua, likaja gauni la gunia, ikaja miguu isiyo na viatu.

"A," nilisema. Nikaivuta hiyo a kwa pumzi yangu yote, na shingo ikaota juu ya mabega, kikaota kidevu, mdomo, pua, macho, kilemba cha kitambaa cha bluu. "-lipika."

Bado nilikuwa na "wali ule." Mimi ni mtu wa kumaliza sentensi. Lakini mama alikuwa ameshageukia troli, amefungua mdomo, na mdomo wake ulikuwa hautoi kitu. Sauti ni moja, na nilikuwa nayo mimi.

Alinijia. Aliniwekea kiganja kooni, kile chenye alama ya moto. Hakuomba, na hakunyang'anya. Alikiweka tu, akasubiri.

Nikaiacha.

"Bina!" aliita.

Ilikuwa sauti ya mwanaume mwenye umri wangu, sauti ya taarifa ya habari na matangazo ya magodoro. Mtoto aliangaza huku na huku. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kufifia kwenye troli. Niliona mabakuli kupitia magoti yake.

"Nani huyo?" aliuliza. "Hiyo siyo sauti ya mama."

Troli ikafika mlangoni. Mabega ya mtoto nayo yakaanza kufifia.

Mama alivuta pumzi. Kisha akaita tena, na safari hii hakuita kama mimi. Aliipandisha sauti yangu juu sana, akaivunja katikati, akaishusha na mguno mdogo mwishoni, kama anavyoitwa mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mtoni. Sauti yangu haijawahi kupita njia hiyo, nilihisi inauma huko ilikokuwa.

"Binaa! We Bina, we!"

"Abee!" alijibu mtoto.

Alijibu kabla hajafikiri, kama watoto wanavyojibu. Mabega yakarudi, magoti yakarudi, mabakuli hayakuonekana tena.

Nilitegemea troli isimame. Haikusimama. Mlango ulifunguka, na ng'ambo kulikuwa na uwanja wa mnada wenye kamera nyingine na taa nyingine. Wale watu wawili waliendelea kusukuma. Mtoto alikuwa amegeuza shingo nyuma. Kila alipoitwa alikuwa mzima. Kati ya mwito na mwito alianza kufifia upya. Mama aliliona hilo kabla yangu. Akaacha kupumzika katikati.

"Bina!"

"Abee, mama!"

Niliangalia trei iliyotoka kwenye oveni. Juu yake kulikuwa na giligilani tu.

Mtangazaji alifanikiwa kubandua meno. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni Kiingereza chake mwenyewe, chembamba, hakina kitu cha kukifunika. Editha alikuwa anazungusha vitufe. Mtangazaji aliuliza kwa adabu kama kuna mtu anayemwelewa. Nilikuwa namwelewa, lakini sikuwa na cha kumjibia.

"Ataita mpaka lini?" niliiuliza sufuria.

"Mpaka mtoto afike."

"Anapelekwa wapi?"

"Hilo halijaandikwa popote."

"Mimi narekodi asubuhi," nilisema. "Nitaihitaji."

"Mwambie mwenyewe."

Nilimtazama. Alikuwa ameshavuka mlango, anatembea nyuma ya troli kwenye vumbi la mnada, mikono mitupu, anaita. Watu walimpisha bila kumwangalia. Sikumwambia.

Niliamka jua limeshaingia chumbani. Nikabaki kitandani kidogo nikitazama dari. Kisha mlango ukafunguliwa, Siwema akaingia na fagio mkononi, akasimama ghafla.

"He! Baba Mboni, kumbe umo humu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nafagia uani nakusikia nje ya ukuta unaita. Nikasema, leo huyu mwanaume kaondoka bila chai! Hata jirani kachungulia, ananiuliza Bina ni mtoto wa nani, amepotea tangu lini, tumsaidie kumtafuta. Mimi namjua Bina, mimi?" Aliegemeza fagio ukutani. "Bina ndiyo nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nje, mbali kidogo na ukuta wetu, upande wa barabarani, nikasikia sauti yangu ikiita tena.

Siwema aligeukia dirisha. Kisha akanitazama mdomo, ambao ulikuwa bado wazi.